Tufe la Shemegi Aflah

Nilikwenda Matrah kuichukua dunia, nikaambiwa niifikishe Maskati kabla ya ngoma.

Si mzaha. Ilikuwa tufe: dunia kongwe ya karatasi na plasta, kubwa kama mtungi wa maji, imekaa ndani ya duara la shaba juu ya miguu minne ya mti mweusi. Mwenyewe alikuwa Marhoon, mfanyabiashara wa mchele na vitambaa, mtu aliyefiwa na mke, mwenye maneno machache na sadaka za siri. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea milima nilipoingia dukani kwake.

"Maalim Sleyum," akaniambia, "dunia hii ina wazimu."

Akaisukuma kwa kidole.

Shwaaa...

Kitu kilimwagika ndani yake, kama mchanga kwenye mfuko. Tufe likazunguka, likapunguza mwendo, likasita. Halafu likaanza kurudi nyuma, polepole, mfano wa mtu aliyekumbuka kuwa kasahau kitu nyumbani. Likasimama.

Mbele yetu ilikuwa Unguja.

"Kila mara," alisema Marhoon. "Izungushe utakavyo, itakuonesha Unguja. Nami nataka kumzawadia mkubwa mmoja. Mkubwa gani atapenda dunia yenye Unguja tu?"

"Hata sisi tuliotoka huko hawatupendi sana," nikamwambia.

Marhoon akatabasamu, akatazama mlangoni kwanza. Mwaka ulikuwa 1968, na watu walikuwa wakitazama mlangoni kabla ya kutabasamu.

Kwa asiyeijua Maskati ya siku zile, nimweleze. Mji ulikuwa na ukuta, ukuta ulikuwa na malango, na malango yalikuwa na saa zake. Usiku ngoma ilipigwa ngomeni, kisha mzinga, kisha malango yakafungwa. Baada ya hapo, atakayeonekana njiani lazima abebe fanusi ya kumulika uso wake mwenyewe. Tochi haikubaliki. Kwa nini? Sijapata kumwona aliyeuliza. Kukarabati ukuta kulitaka kibali. Kusafiri kulitaka kibali. Na sisi tuliokimbia Unguja baada ya mapinduzi ya sitini na nne tulitakiwa vibali zaidi kidogo kuliko wengine, kwani tulituhumiwa kuwa tumesoma. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nchi ilikuwa na skuli za kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, na zote zilikwisha kupata walimu. Basi nikawa mwandishi wa barua za wafanyabiashara, na fundi wa vitabu vilivyochanika.

Matufe nilifunzwa na shemegi yangu, Aflah, mume wa mdogo wangu Muhsina. Alikuwa fundi wa vitu vya kale kwenye nyumba moja ya makumbusho huko Unguja. Vyungu na saa alivirekebisha kwa ajili ya mshahara. Matufe aliyarekebisha kwa mapenzi.

Aliniambia wale mafundi wa mwanzo walivyofanya. Walichukua mpira wa mbao, wakaubandika karatasi mbovu zilizolowekwa gundi, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikawa gamba. Gamba likikauka hukatwa kwa kisu katikati, kwenye ikweta, likavuliwa kama ganda la danzi. Ndani hutiwa kigogo cha mti, toka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini, na zile nusu mbili zikaunganishwa tena. Juu yake plasta. Juu ya plasta, ramani iliyochapwa kwa vipande vyembamba vyenye ncha mbili, vinavyokutana kileleni. Vipakwe rangi kwa mkono. Vipakwe vanishi.

"Lakini hapo bado hujapata dunia," Aflah alikuwa akisema. "Hakuna fundi anayetandika plasta sawasawa. Pana upande utakuwa mzito. Sasa kabla ya kufunga, ndani, gizani, unatia kifuko cha chembe za risasi upande wa pili, upate kulingana. Kila dunia ina uzito wake wa siri, shemegi. Usiouona ndio unaoishika."

Na akaniambia jambo jengine. "Ukitaka kujua tufe limeishi wapi, tafuta palipochakaa. Kila anayelitazama huweka kidole akasema, 'Hapa ndipo kwetu.' Mwaka hata mwaka. Mwisho kwao kunafutika."

Alikuwa na adabu zote Aflah, isipokuwa moja. Hapigi hodi kwake. Alikuwa akiingia kimya kama paka, akamkuta Muhsina jikoni, akamtia kiwewe. Muhsina akimkemea, yeye jawabu lake ni lile lile:

"Mwenye nyumba hapigi hodi, bibi wee. Mwenye nyumba kazi yake kujibu karibu."

Usiku mmoja wa Januari, mwaka ule wa sitini na nne, alimwambia mkewe, "Nakwenda kulipaka tufe vanishi mkono wa pili. Nisipolipaka leo litashika vumbi. Usilale." Akaondoka. Usiku huo huo mji ukawaka. Sisi tukatoka na nguo za mwilini. Aflah hatukumwona tena, wala hatukumpata aliyemwona, si hai si maiti.

Niliyakumbuka haya dukani kwa Marhoon, huku nimeinama juu ya tufe lake na taa mkononi. Chini kabisa, kwenye bahari ya kusini, palikuwa na kiraka. Kijani chake kilitofautiana kidogo na kijani kilichokizunguka. Kilikatwa kwa umbo la jani la tambuu.

Mtu mmoja tu nimemjua anayekata viraka hivyo.

"Limetoka wapi hili?" nikauliza. Sauti haikuwa yangu.

"Kwenye kasha, pamoja na bidhaa nyengine. Kasha halina jina." Marhoon akanitazama. "Una homa, maalim?"

Nikasema ni jua la njiani. Marhoon ndiye mtu nisiyeweza kabisa kumwambia. Muhsina alikuwa miaka minne si mke si mjane. Mume aliyepotea katika machafuko husubiriwa muda huo, kisha kadhi akahukumu kuwa amekufa, na mke akakaa eda, akawa huru. Shauri lake lilikuwa litasikilizwa Jumamosi ile. Na aliyekwisha kuniletea posa, kwa adabu, kwa kusubiri, alikuwa ni huyu Marhoon.

Nikalifunika tufe kwa shuka, nikalipakia kwenye punda, nikaondoka. Njia nzima ya mlimani, punda akikanyaga jiwe, nyuma yangu nilisikia... shwaaa.

Langoni alikuwepo Bakhit, askari mnene mwenye Kiswahili cha kurithi kwa mama yake, kilichoshika kutu kidogo.

"Simama! Umefunika nini?"

"Dunia."

Akalifunua shuka, akalitazama tufe kwa muda. Akanitazama na mimi, kama kwamba nimeiba.

"Yote?"

"Yote."

"Ina kibali cha kuingia?"

Nikampa barua ya Marhoon yenye muhuri. Aliisoma juu chini, akaigeuza, akaupenda muhuri. Kisha akaweka kiganja juu ya tufe, na mara akakiondoa, kama aliyegusa sufuria.

"Kina joto," alisema.

"Limekaa juani."

"Jua limekuchwa, maalim."

Akaniruhusu nipite. Ngoma ilikuwa inaanza.

Nyumbani nilipanda ngazi kimya, nikaliweka tufe kwenye chumba changu cha kazi, na shuka lake juu. Niliazimia Muhsina asilione. Nilikuwa nanawa mikono aliponisimamia mlangoni, ushungi umemteremka mabegani.

"Kaka. Nani kaleta gundi humu ndani?"

"Gundi gani? Nyumba hii haikosi gundi."

"Ya Aflah."

Nami nikainusa. Ilikuwa gundi ya unga wa ngano iliyochachuka, na ndani yake mafuta ya karafuu. Aflah peke yake akiyatia, wadudu wasile karatasi. Gundi yangu mimi haina karafuu.

Alinipita, akalivua shuka. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akatafuta chini, kusini, akakiona kiraka. Akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Hili ndilo alilokwenda kulipaka," alinong'ona. "Ndilo hili, kaka. Vanishi imefika mkono wa pili. Kalimaliza."

Asubuhi nilikwenda kulitazama kwa mwangaza. Unguja ilikuwa imechakaa. Hilo halikunishangaza, tufe liliishi Unguja. Lakini ule mchakao haukuwa duara. Ulikuwa na mkia. Mkia mwembamba, upana wa kidole, umeikwangua vanishi mpaka kwenye karatasi tupu, ukapanda kaskazini kwa kufuata pwani, ukaishia karibu na Lamu.

Nikasema nililipita jana bila ya kuuona. Taa ilikuwa mbovu.

Asubuhi ya pili ulikuwa umefika Mogadishu.

Mimi ni mtu wa kusoma. Nilimtuhumu Muhsina kwanza, Mungu anisamehe, nikamtazama vidole; vilikuwa safi. Nikafunga chumba kwa ufunguo, ufunguo nikalala nao. Asubuhi ya tatu mkwaruzo ulikuwa umeipinda ile pembe ya Afrika, umeingia bahari wazi, na chini ya tufe, juu ya meza, palikuwa na unga mwembamba wa vanishi. Mbichi. Ungali unanata.

Nikalirudisha shuka, nikamkodi punda, nikalibeba tufe mpaka langoni. Nilikuwa nimeshatunga uongo wa kumwambia Marhoon.

Bakhit akaninyooshea mkono. "Kibali."

"Nilikupa. Majuzi."

"Kile cha kuingia. Kutoka kunataka kibali cha kutoka."

"Bakhit, ni dunia ile ile. Naitoa tu."

"Ndiyo hatari yenyewe. Nikikwachia wewe utoe dunia leo, kesho kila mtu atataka kutoa yake. Nenda ofisini."

Nilikwenda. Ofisini nikaelezwa kwa upole kwamba mwenye muhuri yuko safarini, naye atarudi Jumapili in shaa Allah. Nikauliza kama hapana muhuri wa pili. Karani alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kama hapana jua la pili.

Nikarudi langoni kumsihi. Bakhit alinisikiliza, na safari hii hakunitajia kibali. Akanivuta kwenye kivuli cha ukuta.

"Maalim, mna mtu aliyepotea nyie?"

Nikalivuta shuka, nikalifunika tufe vizuri zaidi.

"Nlijua toka nilipokigusa." Akashusha sauti. "Huku kwetu mtu hafi hivi hivi. Wako wanaofichwa. Mchawi humchukua mtu, akawaachia watu wake mfano wa maiti, wakauzika, wakalia. Mwenyewe yuko, anatumwa, usiku na mchana, hana hiari. Siku nyengine anarudi kwao. Akirudi, usimkaribishe mpaka umjue nani kamtuma. Bibi yangu alimkaribisha nduguye."

"Ikawaje?"

"Mie sikumjua bibi yangu vizuri," alisema Bakhit, akarudi kwenye lango lake.

Ijumaa asubuhi mkwaruzo ulikuwa umegusa Rasi ya Haddi. Kutoka hapo hadi Maskati, juu ya tufe lile, ni upana wa ukucha.

Baada ya magharibi nilichukua kisu cha kukatia ngozi. Niliazimia kulifungua pale pale lilipofungwa na fundi wake, kwenye ikweta, nikitoe kifuko, nione ni chembe za risasi au ni nini. Nilikuwa nimeshaweka ncha ya kisu kwenye mstari.

"Usimkate."

Muhsina alikuwa amekaa gizani, kwenye kona. Sijui tangu lini.

"Hili ni tufe, Muhsina. Karatasi na chokaa."

"Basi kwa nini umesoma Bismillahi kama mchinjaji?"

Nikakiweka kisu chini. Nikakaa karibu naye, nikamweleza yote aliyoniambia Bakhit, nami naona haya, mtu mzima niliyefundisha watoto mzunguko wa mwezi.

"Kesho kadhi atasema amekufa," alisema. "Na mie ntakubali kwa ulimi wangu. Na yeye yuko njiani, kaka. Miaka minne yuko njiani."

"Ikiwa ni yeye."

"Nani mwengine?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuomba. Hodi ni tatu. Mtu asipojibiwa ya tatu, ni wajibu wake kurudi. Hiyo ni sheria kwa walio hai na kwa wengine wote. Usiku huu, lolote litakalopiga hodi, hatujibu. Tatu zikipita, kesho unakwenda kwa kadhi, na unaanza maisha. Nipe ahadi."

Alilitazama tufe, kisha akanitazama mimi.

"Nakuahidi," alisema.

Nilishuka nikatia komeo kwenye mlango wa nje, lile gogo la msaji linalotaka mikono miwili. Nikarudi juu. Tukakaa na taa katikati yetu, na tufe mezani chini ya shuka lake. Ngoma ikapigwa. Mzinga ukalia, vyombo vikatetemeka rafuni. Malango yakafungwa. Nilifurahi, nakiri. Kwa mara ya kwanza niliipenda ile sheria. Mji ulikuwa umefungwa. Hakuna awezaye kuingia bila ya kibali.

Chini ya shuka, tufe likaanza kuzunguka.

Polepole. Kigogo chake kikilia kwenye shaba. Nngiii... nngiii...

Shwaaa...

Likasimama.

Harufu ikaja. Unga uliochacha. Karafuu. Na nyuma yake kitu cha tatu, kama chumba kilichofungwa na mtu ndani.

Nje, kichochoroni, nyayo. Nilijua ni za viatu vya ngozi vyenye kisigino kilicholika upande. Zikaja mpaka chini ya dirisha. Pale pale mlangoni zikatulia.

"Hodi."

Sauti ya Aflah.

Haikuwa inayofanana na yake tu. Ilikuwa yeye, na ule mkwaruzo wake wa koo, na ile tabia yake ya kuuvuta mwisho wa neno kama anayetaka kucheka. Muhsina alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Machozi yalimpita juu ya vidole.

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Kimya. Mbwa mmoja, mbali, upande wa ngomeni, akaanza kubweka, akaacha katikati.

"Hodi."

Karibu zaidi. Mlango ulikuwa haujaguswa, na sauti ilikuwa ngazini.

Nikamshika Muhsina mkono. Ulikuwa baridi kama bati. Nikamwonesha kidole kimoja: bado moja. Moja tu, mdogo wangu. Akaniitikia kwa macho. Nilisoma Ayatul Kursiyu moyoni, nikaikosea mahali ambapo sijapata kuikosea toka nina miaka sita.

Tukangoja.

Tukangoja mpaka utambi ukaanza kuvuta moshi. Nikafikiri, imekwisha. Amekwenda zake.

"Hodi..."

Nyuma ya mlango wa chumba. Kwa upole. Kwa uchovu, kama mtu aliyetembea.

"Karibu," akasema Muhsina.

Sijui hadi leo kama alikusudia. Nilimwuliza mara moja tu, miezi baadaye. Alinambia, "Kaka, mie nimelelewa. Mama alinifunza hodi haiachwi bila ya jawabu." Huenda ndivyo. Neno lile kwa sisi watu wa Unguja halipitii akilini. Linatoka kama pumzi. Lakini nilimwona uso wake, na ule haukuwa uso wa mtu aliyeteleza.

Mlango haukufunguka.

Taa ikainama. Hakuna upepo uliopita. Mkeka, upande wa pili wa meza, ukabonyea taratibu, kama unavyobonyea mtu mzito anapokaa.

Shwaaa...

Haikutoka kwenye tufe.

Ilitoka pale mkekani.

Niliyoyafanya baada ya hapo ni mafupi. Nilikimbia. Nililala msikitini, nikarudi alfajiri, nikalikuta komeo liko mahali pake, na ikabidi Muhsina ashuke kunifungulia. Alikuwa amejipaka hina. Jikoni palikuwa na vikombe viwili vya kahawa, vyote vitupu.

"Punguza sauti," alisema. "Amelala."

Tulikwenda kwa kadhi, kwani aliyeitwa hana budi kwenda. Muhsina akasema mbele ya watu wote kwamba hataki eda, mume wake amerejea. Kadhi akamwuliza mashahidi. Muhsina akanitazama. Mimi nikainamisha kichwa. Karani akauliza, kwa haki kabisa, mume huyo ameingia nchini kwa kibali gani. Hakikupatikana. Basi shauri likaahirishwa mpaka mume alete kibali, na serikali ikabaki haimtambui kuwa yupo wala kuwa hayupo. Hata mimi sikuwa na maneno bora zaidi.

Wakati wa kurudi, Bakhit alinizuia.

"Mgeni wako hana adabu, maalim. Namwuliza fanusi iko wapi, ananipita tu."

"Lini?"

"Jana. Nshafunga."

"Lango limefungwa, alipitaje?"

Bakhit akaligeukia lango lake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Hilo," alisema, "sina mahali pa kuliripoti."

Jumapili mwenye muhuri alirudi, nikapewa kibali cha kuitoa dunia. Nilipolinyanyua tufe nilidhani mikono imenidanganya. Lilikuwa jepesi. Nikalitikisa. Kimya. Nikalizungusha, likaenda laini kama jicho kwenye tundu lake, likasimama Uchina. Nikalizungusha tena, likasimama bahari ya magharibi. Halikuwa na pa kurudi. Sikulikata, sikulifungua, mshono wake ulikuwa mzima.

Marhoon alifurahi, akanisifu mbele ya wateja. "Umelitibu, maalim! Umelifanyaje?" Halafu, kwa sauti ya chini, akaniuliza hali ya shauri letu. Nilimwambia, na hakuniuliza mara ya pili. Alikuwa muungwana. Mkubwa wake alipenda zawadi, ila alilalamika kwamba fundi ameikwangua Maskati mpaka haisomeki.

Miaka miwili niliishi nao. Nasema nao kwa sababu sijui niseme vipi. Mimi chini, wao chumba cha juu. Sikumwona mtu. Muhsina alipika kwa watu wawili na sahani zikarudi tupu. Alikonda. Hakutoka, hakupokea wanawake wa jirani. Nikimwuliza alisema, "Bado hajazoea watu." Usiku niliposikia nyayo zikipita juu ya dari, nyuma ya kila hatua ilifuata ile sauti ya mfuko unaomwagika. Nilizoea. Mtu huzoea. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi nikikaa nikafikiri.

Mwaka wa sabini tukapata mtawala mpya, mambo yakabadilika, mji wote ukajua kwa siku moja. Lango likaachwa wazi usiku, na Bakhit akakaa karibu nalo bila ya kazi, anamwuliza kila mpitaji habari za nyumbani. Fanusi zikatupwa. Watu wetu waliotawanyika wakaanza kurudi, na miongoni mwao akaja Bi Kheiria, jirani yetu wa Unguja, mkongwe, na macho yake yote mawili mazima.

Nilimpa kahawa uani. Alitaja waliokufa mmoja mmoja, kama anayevuta tasbihi. Kisha akasema, "Na Aflah wetu, Mungu amrehemu."

Kikombe kikaniponyoka mkononi.

"Hamkupata habari?" akasema. "Masikini. Usiku ule ule. Wanangu ndio waliomtoa pale kwenye kazi yake. Amelala kifudifudi juu ya meza, brashi bado iko mkononi. Mie mwenyewe nilimwona uso. Tumemzika, maalim, kaburi nalijua."

"Tufe lilikuwepo mezani?"

"Tufe?" Akashangaa kwa swali hilo. "Meza ilikuwa tupu."

Nilimsindikiza mpaka nje. Kisha nikasimama chini ya ngazi. Aliyezikwa ni mtu, au ni ule mfano aliousema Bakhit? Na kama aliyezikwa ni Aflah... Lakini kilinijia kitu kidogo kuliko hayo yote, kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu tangu usiku ule. Aflah, katika maisha yake, hakupata kumpigia Muhsina hodi.

Nilipanda. Lazima nimwambie. Ni mdogo wangu, mimi ndiye walii wake, naye yuko mle ndani na kitu kilichoomba ruhusa kikapewa. Jua lilikuwa linazama. Ukuta wa ngazi ulikuwa mwekundu. Nyuma ya mlango wao palikuwa kimya. Sikumsikia Muhsina, wala bangili zake, wala pumzi. Harufu ya gundi ilikuwa nzito hata macho yakanitoka machozi.

Mlango sikuusukuma. Nikafanya nililolelewa kulifanya.

"Hodi," nikasema.

Ndani, kitu kikageuka taratibu. Shwaaa...

Na sauti ya kiume, karibu sana na ubao wa mlango, kwa furaha ya mtu aliyefika kwake, ikanijibu:

"Karibu."